Kadi ya Kijani kwa Jicho la Mwanangu

Mimi skuli nilikwenda mpaka darasa la tatu, Ng'ambo ya Unguja, na hilo la tatu sikulimaliza. Anayetaka maneno ya kupambwa atafute kwa waliosoma. Haya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu mawili, ambayo mpaka leo ni mazima, na mwanangu akinitizama kuna wakati nayaonea haya.

Nilifika Oman miaka ya sabini, mtu mzima nisiye na kitu mkononi. Nilichanganya zege kwenye majengo ya watu. Nikaendesha gari la maji kupeleka vijiji vya Wadi Bani Khalid, wakati ule njia ni kokoto tupu, matairi yanapasuka kama maputo. Mwisho nikapata kiwanja changu Ibra nikaanza kupiga matofali. Nusu ya mtaa wetu imesimama kwa matofali yangu. Sijisifu, nenda kayagonge uyasikie. Hakuna aliyenishika mkono, na walioniita Mzinjibari miaka ile kwa kunidharau, baadaye walikuja kiwandani kwangu wakaniita "ammi", yaani baba mdogo.

Mchezo wangu ni magongo. Unguja tulikuwa tunakata tawi la mpera lililopinda, tunachezea chochote kinachobiringika, huku tukiwatizama Magoa na Wahindi wakicheza yale ya kweli na mabuti yao. Nilipokuja Ibra nikakuta na wao wanacheza, wazee wao wamechezea magongo ya mtende tangu zamani. Nikasema hapa ni kwetu. Nikawa mtu wa timu. Gari langu la matofali ndilo lililokuwa likipeleka wachezaji, tunalipiga maji kwanza vumbi la saruji litoke, na bado wakifika uwanjani wana nyusi nyeupe kama vizee. Tulikwenda Sur, tulikwenda Nizwa, tulikwenda mpaka Jalan, vijana wanaimba nyuma, mimi nashika usukani.

Uwanja wetu haukuwa na majani. Ulikuwa mchanga, unamwagiwa maji ya chumvi, unapitishiwa roli la kushindilia, ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu. Mpira wa magongo ni mgumu kama jiwe. Juu ya uwanja kama ule, ukipigwa, unakwenda mpaka unasikia upepo wake. Kwa hivyo mchezo huu unataka sheria. Mpira wa miguu ukimwachia mtu na ujinga wake atakuvunja mguu. Magongo atakuua.

Mwanangu wa pili alikuwa anacheza kati, na alikuwa na mikono. Sisemi kwa kuwa ni mwanangu, nina watoto wengine hawajui hata kushika fagio. Huyu mpira ulikuwa unamganda kwenye gongo. Kazaliwa Ibra, Kiswahili chake cha kuokota, anachanganya na Kiarabu, kila kitu kwake ni "yangu" na "yake" tu, nyanya zake wote walikuwa wakimcheka. Lakini uwanjani alikuwa hasemi, anacheza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini palikuwa na timu moja ya Maskati, ya watu wa kazi ya serikali, iliyokuwa inaajiri wachezaji. Ukichukuliwa, kazi yako ni hiyo: unavaa sare, unapokea mshahara, unapanda cheo, na asubuhi unakwenda kufanya mazoezi. Mwaka ule walikuwa wanatafuta mtu mmoja wa kati. Walikuja kututizama Ibra mara kadhaa, wamekaa kwenye viti vya mbele na miwani yao ya jua. Baada ya mchezo, mmoja wao akamshika mwanangu bega akamwambia maliza msimu huu salama, tutazungumza. Na sote tulijua pana mwengine wanamtizama, kijana wa timu ya upande wa Nizwa, mrefu, mwepesi, mpwa wa mtu mkubwa. Jina silitaji. Nafasi ilikuwa moja.

Siku hizo tulikuwa tumefunga dishi. Alasiri moja nimetoka kazini nikamkuta mwanangu kakaa mbele ya televisheni, watu wamevaa mavazi mazito wanateleza wanakimbizana na magongo.

"Nini hicho?"

"Hoki, baba."

"Hoki gani hiyo? Mbona wanateleza?"

"Wanacheza juu ya barafu."

"Barafu si ya kutilia maji ya kunywa? Hawa wana kazi kweli?"

"Hii ndo kazi yao, baba. Wanalipwa."

Mara mmoja akaja kwa mbio akamgonga mwenziwe kwenye ubao wa pembeni, kichwa kikapiga, yule akaanguka akawa hainuki. Watu wakaingia kumbeba. Yule mgongaji wakampeleka kwenye kijibanda cha pembeni wakamfungia, amekaa anakunywa maji.

"Wamemfunga?"

"Dakika tano."

"Dakika tano! Kaua mtu!"

Mwanangu akacheka. "Huyu mchezaji mkubwa, ana jina, baba. Angekuwa mdogo wangemzuia mechi nyingi. Kila wiki wanagombana kwa jambo hili, huyu kapewa nyingi, huyu kidogo, hakuna anayejua kwa nini."

"Huko kwao," nikamwambia. "Sisi tuna kamati."

Nilisema hivyo kwa kweli, si kwa mzaha. Maana miezi michache nyuma kamati yetu ya magongo ilikuwa imeonesha meno. Timu yetu ilikuwa na kijana wa Sur, baba yake mvuvi, kijana mpole, akishinda wiki nzima kwenye kiwanda cha barafu ya samaki, Alkhamisi anapanda gari la watu kuja Ibra kucheza. Katika mchezo mmoja alimpiga mtu gongo la ugoko. Sikatai, alimpiga. Yule aliyepigwa alianguka akabiringika, akapulizwa dawa, akainuka akamaliza mchezo na bao akafunga. Lakini ni mtoto wa watu wakubwa. Refa akatoa kadi nyekundu, kamati ikakaa Maskati, kijana wa Sur akafungiwa misimu miwili. Misimu miwili kwa ugoko! Wenzangu walipiga kelele. Mimi nikawaambia nyamazeni, kama hichi ndicho kipimo, basi ni kipimo, mradi kiwe hichi hichi kwa kila mtu.

Tukaenda kucheza Nizwa.

Nimeulizwa mara nyingi ilikuwaje, na kila mara nasema yale yale, kwa sababu nilikuwa karibu na mstari, hapana kilichonikinga. Filimbi ilishapigwa. Mpira umesimama. Faulo ni yetu, mwanangu kainama anauweka mpira chini kwa mkono wake ili apige. Yule mrefu wa Nizwa alikuwa nyuma kwa hatua chache, akaja, akauzungusha gongo kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni, ati anaupiga mpira. Gongo likapita juu ya mpira likamwingia mwanangu usoni. Nilisikia mlio. Mimi nimevunja mawe maisha yangu yote, mlio ule naujua.

Alikusudia? Sikuwamo moyoni mwake. Lakini filimbi sote tuliisikia.

Mwanangu alikaa chini, hakulia, kashika uso, damu inapita kwenye vidole. Refa akaja mbio, akamtizama, akamtizama na yule mwengine, akatia mkono mfukoni akatoa kadi. Ya kijani.

Kwa asiyejua mchezo: kijani ni onyo. Ni kumwambia mtu, bwana, taratibu. Ya njano unatoka nje kwa muda. Nyekundu unakwenda kwenu. Mwanangu kapasuliwa uso, yule kaambiwa taratibu. Alicheza mpaka mwisho.

Hospitali ya Nizwa wakamtizama wakampeleka Maskati. Daktari wa macho alikuwa Mhindi, mtu mzima, akasema mfupa utaunga, jicho la kushoto tumwachie Mungu. Daktari akishafika hapo unajua. Mke wangu alikuwa kakaa kwenye benchi na kanga yake ya kichwani. Yeye kazaliwa Tabora, ni wa Waarabu wa bara, husema moja kwa moja kuliko mimi.

"Watakuja," akaniambia. "Hawa watakuja na wazee wao kuomba radhi. Wewe usikubali."

"Nani kasema nitakubali?"

"Mimi nakujua. Ukipewa heshima unalainika. Usikubali, mzee wangu."

Nikaapa pale pale. Nikapeleka malalamiko kwa kamati, na polisi nikaenda. Sikutaka jengine lolote, nilitaka kipimo cha yule kijana wa Sur. Misimu miwili. Na kama ugoko ni misimu miwili, jicho wakae wenyewe wahesabu. Nilitaka pia jambo jengine, na silifichi: akifungiwa, hataipata ile nafasi ya Maskati. Mwanangu haipati tena, lakini na yeye asiipate kwa mlango ule.

Katika siku zile kaka yangu mkubwa alikuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja. Yeye alibaki huko, hakuondoka, ni mtu wa msikiti, kasoma chuo cha Qur'ani hasa, Kiarabu chake cha vitabuni kila irabu mahali pake, Waomani wakimsikia wanatabasamu. Katika ukoo wetu yeye ndiye mkubwa. Akiwapo, mimi na matofali yangu yote ni mdogo wake. Nampa shikamoo, anakaa juu, mimi nakaa chini yake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na sikuona sababu ya kubadilisha kwa kuwa tuko Oman.

Habari ikaja kwamba wazee wa upande wa Nizwa watafika nyumbani kwangu baada ya sala ya alasiri. Sikuwakataza. Mlango hufungiwi mtu. Lakini desturi yao nilikuwa naijua, nimekaa nao miaka zaidi ya ishirini. Mtu akija kwako na haja nzito, unampa kahawa, anaipokea, anaiweka chini mbele yake hanywi. Ukimuuliza mbona hunywi, anasema nina haja, sinywi mpaka uniambie imekwisha. Ukisema imekwisha, anakunywa, na hapo huwezi kurudi nyuma tena, umesema. Usiposema, kahawa inapoa, wageni wanainuka, na hilo ni jambo kubwa, litasimuliwa. Mimi nilikuwa tayari lisimuliwe. Niliwaza finjani zipoe mpaka zifanye ukoko.

Nikamwambia kaka yangu, "Wanakuja watu kwa ajili ya mtoto. Wewe kaa nao, lakini usiseme kitu."

"Kitu gani niseme? Mimi mgeni hapa."

"Basi."

Wakaja magari matatu. Wazee wa ndevu nyeupe, majambia kiunoni, bakora mkononi, na vijana wawili nyuma yao. Yule aliyempiga mwanangu hakuja. Aliyesema alikuwa mzee mmoja mnene mwenye sauti nzuri, sauti ya mtu aliyezoea kukubaliwa. Tukasalimiana, habari, habari za nyumbani, habari za mvua. Tukaweka tende na halwa. Kahawa ikapita. Kila mmoja akaipokea kwa mkono wa kulia, kila mmoja akaiweka chini. Hakuna aliyeigusa.

Mzee mnene akasema, "Bwana, tumekuja kwako kwa jambo la watoto. Watoto walikuwa wanacheza, Mwenyezi Mungu akakadiria."

"Mwenyezi Mungu hakushika gongo," nikamwambia.

Mmoja akakohoa. Yule mzee hakukasirika, akatabasamu. "Kweli. Sisi tumekuja na nyuso zetu, na heshima zetu, na uso wako ni mkubwa."

Nilikuwa nimekaa vizuri, nafsi yangu imetulia, najua ninalolifanya. Mara mke wangu akagonga mlango wa ndani. Hagongi pakiwa na wageni. Nikainuka nikaenda. Mwanangu alikuwa ametapika, kitambaa cha jichoni kimelowa, anatetemeka, ametoka hospitali juzi tu. Tukamlaza, nikamshika kichwa, mama yake akambadilisha kitambaa. Muda wenyewe ulikuwa mdogo, hata chai isingechemka.

Niliporudi, kwenye mlango wa majlisi, chumba cha wageni, niliona mikono. Kila mzee kashika finjani yake, anaitikisa kwa vidole, hivi na hivi, kama wafanyavyo wao kumwambia mmiminaji basi, nimetosheka. Finjani zote tupu. Mpwa wangu aliyekuwa anamimina kasimama katikati na dele, birika la kahawa, kafurahi, anaona kazi imekwenda.

Mzee mnene akainuka akanikumbatia. "Mungu akupe, bwana. Mungu aikuze nyumba hii. Mmetukirimu."

Nikamtizama kaka yangu. Kakaa pale juu, kaweka mikono magotini, uso unang'ara.

Alichokisema nimekisikia baadaye kwa mpwa wangu. Aliwaona watu wazima wamekaa na kahawa mbele yao inapoa, katika nyumba ya mdogo wake, na mwenye nyumba kaingia ndani. Kwetu Unguja hiyo ni fedheha, mgeni akiwa hali na hanywi inamaanisha hujamkaribisha, lazima umbembeleze. Akawaambia kwa kile Kiarabu chake cha minbari, "Kunyweni, mabwana zangu, kunyweni. Hapa ni kwenu. Mlilokuja nalo limekwisha, hamtolikosa." Ni maneno tunayomwambia mtu yeyote. Mtu kaja kuazima ngazi tunamwambia hivyo hivyo. Yule mzee mnene akamuuliza, "Wewe ni nani wake?" Akajibu, "Mimi ni kaka yake mkubwa, badala ya baba yake." Basi. Wakanywa.

Mtu aliyesoma ataniuliza kwa nini hukusema pale pale, hapana, huyu ni mgeni, hajui, mimi sijasamehe. Nimejiuliza mwenyewe na jibu ninalo. Kusema hivyo ni kuwaambia watu wa Nizwa, mbele yake, kwamba kaka yangu mkubwa ni mtu asiye na neno, na lile lake la badala ya baba ni upuuzi. Halafu wangetoka nje wakasema, si mnawajua Wazinjibari, hawana asli, leo wanakunywesha kahawa, kesho wanakutapisha. Jambo lile lingebaki juu ya wanangu na wajukuu wangu, kila mwenye damu yetu kuanzia Ibra mpaka Ras al Hadd. Nilijenga jina kwa saruji na jasho. Nikafunga mdomo. Na leo ningefunga.

Wageni walipoondoka nikamwambia kaka yangu, "Umejua ulichokifanya?"

"Nimefanya nini? Nimewakaribisha kahawa."

"Umemsamehe aliyempasua mtoto jicho."

Akazitizama finjani tupu. "Kahawa ndiyo msamaha?"

"Hapa, ndiyo."

"Basi hii ni nchi gani," akasema, "mtu hawezi kumkaribisha mgeni kahawa?" Akainuka akaenda kutia udhu, na sikumsikia tena akilitaja. Aliposafiri kurudi Unguja alinikumbatia akaniambia nimwombee radhi kwa mtoto. Nikasema sawa. Yeye mwenyewe alishindwa kumwambia.

Kwa mwanangu nilikwenda mimi. Alikuwa kalala ubavu, jicho zima linanitizama.

"Baba, mama anasema umesamehe."

"Si mimi. Ammi yako. Hakujua."

"Jicho ni yangu, baba. Sio ya ammi. Sio yako."

Nyanya zake hawakuwapo kumcheka. Nikamwambia polisi watafunga faili, tumeshapatana, lakini bado kuna kamati, kamati haina kahawa, kamati ina sheria.

Nilivaa dishdasha mpya, kanzu ya Kiomani, nikaenda Maskati. Walikuwa watu watano nyuma ya meza, chupa za maji mbele yao. Mwenyekiti kwa umri angekuwa mwanangu, kasoma Uingereza, mstaarabu. Akasoma uamuzi: mchezaji amepatikana na kosa la mchezo wa hatari, lakini kwa kuwa familia mbili zimepatana kwa mujibu wa mila zetu tukufu, anafungiwa mechi moja.

"Moja," nikasema.

"Moja, ammi."

"Yule kijana wa Sur aliyepiga ugoko mlimpa misimu miwili."

"Ile ni kesi nyengine."

"Nyengine vipi? Ugoko unaona?"

Mmoja pale mezani akacheka akajizuia. Mwenyekiti akasema, "Yule hakusamehewa, ammi. Upande wa pili hawakupelekewa watu."

"Baba yake ni mvuvi. Angempelekea nani? Angekuja na wazee gani, na magari gani?"

"Hilo si la kamati."

"Basi mfungulieni sasa. Mimi nitakwenda kwa wale watu, nitakaa nisinywe kahawa yao mpaka Kiyama."

"Muda wa rufaa umepita." Akaifunga faili. Halafu akaniambia, kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionikata, "Wewe umefanya jambo kubwa. Umesamehe. Laiti wote wangekuwa kama wewe."

Nikamwambia, "Mwanangu ana jicho moja, na refa wenu ana kadi moja." Nikatoka. Kwenye gari nilikaa bila kuwasha mashine, nikasoma Fatiha, sijui namsomea nani.

Mechi moja alikaa nje yule kijana, halafu akarudi, na kabla msimu haujaisha ile timu ya Maskati ikamchukua. Nafasi ilikuwa moja. Yule wa Sur alibaki kwenye barafu yake. Nilipita Sur siku moja nikamkuta anasukuma matofali ya barafu kwa ndoano kuyaingiza kwenye gari la samaki, nikamuuliza utarudi ukiisha muda wako? Akasema, "Mwalimu, nimeshasahau hata kulishika gongo." Mimi si mwalimu, wananiita tu. Hakurudi.

Mwanangu nilimtia kwenye kiwanda. Siku za mwanzo alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe. Alijaribu kurudisha gari nyuma akalivunja rundo la matofali mabichi, akashuka, akatizama, akaniachia ufunguo mkononi. Kwenye ile televisheni hakuwasha tena mchezo wowote. Magongo yake mama yake aliyafunga kwa kamba akayaweka juu ya kabati, na siku moja sikuyaona, sikuuliza.

Mimi niliacha kwenda uwanjani. Nilisema nimemaliza. Lakini miaka ilipita kidogo, ikaja timu ya Jalan Bani Bu Hassan kucheza na ile ya Maskati, na uwanja ni wa Ibra, karibu na kwangu, na kelele zinafika mpaka kwenye matofali. Nikaenda. Nikakaa viti vya juu, nikifikiri hapana atakayenijua.

Yule kijana wa Nizwa aliniona. Walikuwa wanapasha moto viungo, akaacha, akapanda ngazi na mabuti yake, mrefu vile vile, na mbele ya watu wote akaniinamia akanibusu kichwa. Watu wakapiga makofi. Kweli, walipiga makofi, wengine wakasema mashaallah, tizameni adabu.

"Ammi, hujambo? Niombee."

"Nenda kacheze," nikamwambia.

Akashuka. Kipindi cha pili, mpira wa juu, beki wa Jalan kaja kuuzuia, na yule akainua gongo juu ya bega kama siku ile. Halikumpata usoni, lilimpata shingoni chini ya sikio. Kijana akaanguka kifudifudi. Refa, si yule wa zamani, mwengine kabisa, akapiga filimbi, akatia mkono mfukoni. Nilijua rangi kabla haijatoka.

Mtu aliyekaa safu ya mbele yangu aliinuka. Mtu mzima, kilemba cha kijivu, viganja vya mkulima wa mitende. Nilijua ni baba wa yule beki kwa namna alivyosimama. Watu wakamwambia kaa, ataamka, kaa. Akageuka, akanitizama mimi.

"Wewe ndiye uliyebusiwa kichwa?"

"Ndimi."

"Kwa nini?"

"Alimpiga mwanangu. Jicho."

"Na wewe?"

Palikuwa na jambo refu la kueleza, kaka yangu, finjani, mtoto katapika ndani. Sikueleza.

"Tulisamehe," nikasema.

Alinitizama kama mtu anayesoma kibao cha barabara kisichomfaa. Kisha akaanza kushuka ngazi, moja moja, kaukunja mwisho wa dishdasha yake mkononi, anakwenda kwa mwanawe. Uwanjani mpira ulikuwa umeshawekwa chini, mchezo uendelee.